Wachekeshaji Kando ya Barabara: Vita, Lafudhi na Hadhira ya Nchi ya Chai

Uhakiki wa sanaa za maonyesho katika Kiswahili umempa msanii wa kusafiri nafasi finyu. Tangu miaka ya 70 mjadala wetu umetawaliwa na swali la upande: mwandishi au mwigizaji yuko upande wa nani, wa mnyonyaji au wa mnyonywaji, wa mtawala au wa mtawaliwa? Swali hilo lilikuwa na haki yake, na makala haya hayakusudii kulifuta. Hata hivyo limetuachia pengo. Mchekeshaji abebaye gitaa na sanduku la mavazi, achezaye leo mbele ya askari, kesho mbele ya wachuma chai na keshokutwa mbele ya yeyote atakayelipa nauli, hatujui tumweke wapi. Aghalabu tumemwita kibaraka. Mara nyingi zaidi tumemsahau. Tunakusudia kumfuata msanii huyu katika mazingira yanayombana kuliko yote, yaani vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha tuulize historia yake inatuambia nini juu ya hadhira ya Kericho na Bomet, mahali ambapo vita havikutangazwa lakini watu walikufa.

Mfano ulio wazi zaidi wa utanzu huu umetoka mbali. Mwaka 1990 Carlos Saura alitoa filamu ya ¡Ay, Carmela!, iliyotokana na tamthilia ya José Sanchis Sinisterra ya mwaka 1987. Mwaka wa matukio ni 1938, katika vita vya Hispania. Carmela na Paulino ni wasanii wa majukwaa ya rahisi: nyimbo, ngoma, vichekesho, na mzaha mmoja wa Paulino unaotegemea upepo wa tumbo lake mwenyewe. Pamoja nao yumo kijana Gustavete, ambaye mlipuko wa bomu ulimnyang'anya sauti, naye huzungumza kwa chaki na kibao. Baada ya kuwaburudisha askari wa Jamhuri wanashika njia ya Valencia, wanapotea katika ukungu, na wanajikuta mikononi mwa jeshi la Franco. Luteni mmoja wa Kiitalia, mpenzi wa maigizo, anawapa njia ya kuokoka: wacheze mbele ya askari wa upande ule na kuidhihaki bendera ya Jamhuri, huku mateka wa Kipolandi watakaopigwa risasi alfajiri wameketishwa ukumbini watazame. Paulino anakubali. Carmela anakubali pia, hadi katikati ya onyesho, hapo anapokataa. Na risasi inamwangusha jukwaani.

Filamu hii ilipewa tuzo 13 za Goya mwaka 1991, na wahakiki wengi wameisifu kwa ushujaa wa Carmela. Sisi tungependa kumtazama Paulino. Huyu si msaliti kwa maana ya kawaida, kwa kuwa hakuwa na ahadi ya kusaliti. Kazi yake ni kuusoma ukumbi: nani yuko mstari wa mbele, wanacheka wapi, mzaha upi uondolewe leo. Ujuzi huo ndio uliomlisha miaka yote, na ndio huo huo unaomwezesha kubadili maneno usiku mmoja bila kutetemeka. Kinachomwangusha ni kwamba ukumbi wa usiku ule una hadhira mbili ndani ya kuta zile zile, moja yenye bunduki na nyingine itakayokufa, na hakuna mzaha unaoweza kuchekesha zote mbili. Hapo ndipo ramsa inapogeuka kuwa tanzia. Kuna ukumbi uliopasuka katikati tu, wala hakuna shujaa anayeshuka kutoka juu kwa kosa la nafsi yake kama nadharia ya Aristotle inavyotufundisha.

Hatuhitaji kwenda Aragon kuupata utanzu huu. Mwaka 1971, mwaka ambao Idi Amin alitwaa serikali ya Uganda kwa nguvu, Robert Serumaga aliandaa tamthilia yake ya Majangwa. Wahusika wake wakuu ni Majangwa, mwanamuziki aliyewahi kuwa na jina, na Nakirijja mkewe. Wamezeeka na soko limebadilika. Umati hautaki tena ngoma, nao wameshuka hadi kufanya hadharani, kwa malipo, yale ambayo mume na mke huyafanya faraghani. Tunawakuta kando ya barabara, usiku, wakigombana, wakikumbuka, wakichekeshana. Kando ya barabara hiyo hiyo kuna maiti iliyotupwa. Yeyote aliyeishi Kampala katika miaka iliyofuata alijua maiti za kando ya barabara zilitoka wapi.

Ulinganifu wa tamthilia hii na ile ya Sanchis Sinisterra unashangaza, hasa tukikumbuka kwamba ile ya Uganda ilitangulia kwa miaka 16. Zote mbili hutegemea mwanamume na mwanamke waliobaki na jukwaa tupu. Zote mbili huutumia mwili wa mwanamke kama kitu cha mwisho kinachoweza kuuzwa wakati nyimbo hazinunuliki. Na katika zote mbili mwili huo ndio unaokataa. Lakini Serumaga ni mkali zaidi, na kwa maoni yetu ni mkweli zaidi. Saura ampa Carmela kifo mbele ya mashahidi. Wanaomtazama wanajua amekufa kwa ajili gani. Majangwa na Nakirijja hawapewi hata hilo. Hadhira yao imekwisha kwenda nyumbani, na maiti iliyoko pale haina jina. Inasikitisha kuwa matini hii haijapata tafsiri ya Kiswahili inayofundishwa katika idara zetu, ilhali tumetafsiri kazi nyingi za Ulaya zisizotuhusu kwa kiasi hiki.

Yaliyowapata wasanii wenyewe hayakuwa tofauti sana na yaliyoandikwa. Byron Kawadwa, mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maigizo la Kampala, alipeleka Oluyimba lwa Wankoko katika tamasha la FESTAC mjini Lagos mapema mwaka 1977. Ni mchezo wa nyimbo kuhusu ufalme wa majogoo, na watazamaji wa Buganda hawakupata taabu kutambua ni ufalme gani na ni mwaka upi uliokuwa ukisemwa. Aliporudi alitekwa na kuuawa mwaka huo huo. Serumaga na kundi lake la Abafumi, waliokuwa wakizunguka dunia na Renga Moi, walikimbilia Kenya. Mwaka 1979 Serumaga aliingia katika siasa za kumng'oa Amin, akawa waziri katika serikali fupi ya Yusuf Lule. Mwaka 1980 alifariki mjini Nairobi akiwa bado kijana wa miaka ya arobaini na kitu. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya msanii wa kusafiri aliyenaswa na vita, hatuzungumzi kwa istiari.

Upande wa magharibi zaidi kuna mkondo wa pili, nao unatuhusu moja kwa moja kwa sababu lugha yake ni Kiswahili. Katika miaka ya 50 mtaa mmoja wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ulikuwa ukiitwa Kenya. Vijana wake waliunda kikundi cha waimbaji na wachekeshaji kilichojulikana kwa kifupi kama JECOKE, yaani vijana wachekeshaji wa Kenya, ile ya Katanga. Humo ndimo alimokulia Edouard Masengo, mpiga gitaa aliyekuja baadaye kuishi Nairobi, kama alivyokuja Jean-Bosco Mwenda kwa muda, nyimbo za wawili hawa zikitumiwa kutangazia dawa ya Aspro na kinywaji cha Coca-Cola. Mkenya aliyesikia gitaa lile redioni hakuwa na haja ya kuuliza kabila la mpigaji. Kiswahili chake kilikuwa cha kigeni kidogo, na ugeni huo ulikuwa sehemu ya raha.

Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitenga na Kongo, na hadi Januari 1963 mji uliowazaa wachekeshaji hawa ulikuwa mji wa vita. Waliobaki walijifunza somo la Paulino: nani yuko mstari wa mbele leo? Miaka 26 baada ya kujitenga kule, mwaka 1986, mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikaa na kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, ambalo mizizi yake inarudi kwa vijana wale wale wa miaka ya 50. Aliwauliza juu ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Hawakumpa ufafanuzi, walitunga mchezo mzima kwa Kiswahili cha Shaba, wakauigiza, na televisheni ya Zaire ikaupiga picha. Fabian aliueleza mchakato huo katika kitabu alichokitoa mwaka 1990. Kinachotuvutia sisi ni ustadi wa wachekeshaji waliokuwa chini ya Mobutu kuzungumzia ulaji wa madaraka mbele ya kamera ya serikali, na kumaliza wote wakiwa hai. Mhakiki anayetafuta upande atasema walikwepa. Mhakiki anayejua historia ya mji ule atasita kabla ya kusema hivyo, hasa akikumbuka kwamba miaka sita tu baadaye, 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga na majirani waliokuwa wamecheka nao katika kumbi zile zile.

Miaka hiyo hiyo, 1992 na 1993, ndiyo miaka ya Bonde la Ufa. Hapa tunafika Kericho.

Nchi ya chai ya Kericho na Bomet ilijengwa juu ya ardhi iliyochukuliwa kutoka kwa Wakipsigis, na tangu miaka ya 20 kampuni kubwa za Kiingereza zililima vilima vile hadi upeo wa macho. Wafanyakazi walitoka karibu na mbali: Wakipsigis wenyewe, Abagusii, Wajaluo, Waluhya na wengineo. Waliishi katika kambi, nyumba za mistari zilizopangwa kwa namba, na lugha iliyowakutanisha kwenye mizani jioni ilikuwa Kiswahili. Si Kiswahili cha Mvita wala cha Unguja. Ni Kiswahili cha kazi, kifupi, chenye viambishi vilivyopungua na msamiati ulioongezwa na kila aliyefika. Wataalamu wa lugha wamekidharau, lakini kwa msanii wa kusafiri kilikuwa dhahabu: hadhira ya makabila matano inayoelewa mzaha mmoja kwa wakati mmoja haipatikani kijijini.

Burudani ilikuwa imefika huko mapema kuliko tunavyodhani, tena kwa njia za ajabu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine zake za kurekodi, alirekodi huko Kapkatet, karibu na Litein, wasichana wa Kipsigis wakimwimbia mtu aitwaye Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, likiwa limevikwa umbo la Kikipsigis baada ya santuri zake kufika na gramafoni za wageni. Tracey aliandika kwamba Chemirocha alidhaniwa kuwa nusu mtu nusu swala. Tufahamu kwamba maelezo hayo tunayapata kwa kalamu ya mrekodi, si kwa vinywa vya waimbaji, na kicheko cha msomaji wa Ulaya kwa “imani” ya wasichana wale kimefanya kazi kubwa katika umaarufu wa wimbo. Kwa hoja yetu inatosha kuona jambo moja. Rodgers alikuwa msanii wa kusafiri, mtu wa mahema na treni. Alifika Kapkatet miaka 17 baada ya kufa kwake, bila mwili, bila upande, bila lugha iliyoeleweka, na akapokewa kwa kualikwa kucheza. Huo ndio upokezi ambao kila mchekeshaji msafiri anauota. Mwaka 2015 rekodi hizo zilirudishwa kijijini, kwa ushirikiano wa hifadhi ya muziki aliyoianzisha Tracey mwenyewe na watafiti wa muziki kutoka Nairobi na Uingereza.

Baada ya uhuru maigizo nayo yalianza kusafiri. Kikundi cha maigizo ya kusafiri cha Makerere kilichoanza katikati ya miaka ya 60 kilivuka hadi Kenya. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha chake mwaka 1974, kikizunguka nchi wakati wa likizo na michezo ya Kiingereza na ya Kiswahili, bila kutoza kiingilio. Michezo ya Kiswahili ndiyo iliyopendwa, na ndani yake vichekesho ndivyo vilivyobakia midomoni. Penina Mlama, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo, aliona kasoro za safari za namna hii: wasomi huenda kijijini na mchezo uliokamilika, wanijionyesha, wanaondoka, na kijiji kinabaki kama kilivyokuwa. Tunakubaliana naye kuhusu safari za wasomi. Hatudhani hoja hiyo inamgusa mchekeshaji wa riziki, ambaye hupelekwa na njaa yake mwenyewe, na ambaye mchezo wake haukamiliki kamwe kwa kuwa kila kambi humrekebisha.

Mzaha mkuu wa hadhira mchanganyiko ni upi? Ni lafudhi. Mjaluo anayezungumza Kiswahili, Mkikuyu anayezungumza Kiswahili, Mkalenjin anayezungumza Kiswahili: mchekeshaji wa Kenya anayekosa hizi tatu hana kazi. Benson Wanjau, aliyewachekesha Wakenya kwa miongo kadhaa katika Vitimbi kwa jina la Mzee Ojwang hadi karibu na kifo chake mwaka 2015, alizungumza kwa lafudhi ya Kijaluo ingawa hakuwa Mjaluo. Mwishoni mwa miaka ya 90 kundi la Redykyulass lilimwigiza Rais Moi mwenyewe, naye aliyemwigiza, Walter Mong'are, hakuwa Mkalenjin. Katika mkataba huu lafudhi ni vazi. Yeyote anaweza kulivaa na kulivua, na kicheko hutokana na kujua kwamba litavuliwa. Wapo wanaouita mzaha huu ukabila uliopambwa. Sisi tunauona kuwa kinyume chake, kwa sharti moja tu: kwamba mwenye lafudhi yenyewe yumo ukumbini, anacheka.

Ondoa sharti hilo uone. Tarehe 29 Oktoba 1991 mapigano yalizuka katika shamba la Miteitei, Tinderet, wilayani Nandi, na katika miezi iliyofuata yakaenea mpakani mwa Kericho na Kisumu, kisha Molo na kwingineko. Serikali iliyaita mapigano ya kikabila. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliripoti mwaka 1992 kwamba wanasiasa walikuwa na mkono ndani yake. Tume ya Jaji Akiwumi, ambayo ripoti yake haikutolewa hadharani hadi mwaka 2002, ilirudi kwenye mambo hayo hayo. Hadi mwisho wa mwaka 1993, shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba watu 1,500 walikuwa wameuawa na 300,000 kung'olewa makwao. Wako watakaopinga kutumia istilahi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe hapa, kwa kuwa hakukuwa na majeshi mawili wala mstari wa mbele. Kwa mwanahistoria wa siasa pingamizi hilo lina uzito. Kwa mhakiki wa maigizo halina, kwani kigezo chake ni kingine: je, ukumbi ulipasuka?

Ulipasuka. Katika siku za ghasia lafudhi iliacha kuwa vazi, ikawa kitambulisho. Neno moja lililotamkwa vibaya kwenye kizuizi cha barabara lilitosha kumtambulisha mtu, na hali hiyo ilirudi kwa ukali zaidi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakati vizuizi vilipokagua kadi za kitambulisho na ndimi za abiria. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia hizo. Mashamba ya chai ya Kericho hayakuwa salama: wafanyakazi kutoka jamii nyingine walivamiwa katika kambi zao, na wafanyakazi na jamaa 218 walifungua kesi Uingereza dhidi ya Unilever, kesi iliyokomea katika Mahakama ya Rufani mwaka 2018 kwa sababu za mamlaka ya mahakama juu ya kampuni mama, pasipo kusikilizwa ushahidi wa yale yaliyowapata. Kifaa kile kile cha mchekeshaji, sikio linalojua nani anatamkaje, ndicho kilichotumika mikononi mwa mshambuliaji. Ni vigumu kufikiri mfano mwingine katika historia yetu ambapo mbinu ya ramsa na mbinu ya mauaji zimekaribiana kiasi hiki.

Katika ¡Ay, Carmela! kuna tukio ambalo msomaji wa Kericho atalielewa upesi. Mateka wa Kipolandi, aliyevuka Ulaya kuja kuipigania nchi asiyoijua, anamwomba Carmela amfundishe kulitamka jina la nchi hiyo sawasawa. Carmela anamfundisha ile herufi ngumu kwa uvumilivu, kama mtu anayemfundisha mtoto. Anayefundishwa matamshi atakufa kesho kwa ajili ya neno asiloliweza. Saura anaugeuza mzaha wa lafudhi, ambao ni mali ya kila jukwaa rahisi duniani, kuwa tendo la kumkaribisha mgeni. Kwenye kizuizi cha barabara matamshi humfukuza mtu. Shuleni pale, miongoni mwa mateka, humpa uraia wa saa chache. Tofauti kati ya matendo haya mawili haimo katika lugha. Imo katika aliyesimama na kusikiliza.

Je, fasihi ya Kiswahili imekiona kisa hiki? Kwa sehemu. Kithaka wa Mberia aliyashughulikia mapigano ya kikabila katika Maua Kwenye Jua la Asubuhi mwaka 2004, na Alamin Mazrui alikuwa ameyaingia mashamba makubwa na migomo yake katika Kilio cha Haki, miaka zaidi ya 20 kabla yake. Upande wa filamu, Judy Kibinge alitoa Something Necessary mwaka 2013 kuhusu maisha baada ya ghasia za 2007 na 2008. Kazi zote hizi ni nzito, na uzito wao ndio unaotufanya tuulize swali. Hakuna hata moja inayomweka mchekeshaji katikati. Waandishi wetu wakifika kwenye mauaji huvua kofia na kuacha kucheka, kana kwamba kicheko kingekuwa tusi kwa wafu. Serumaga hakuona hivyo. Sanchis Sinisterra hakuona hivyo. Mtu aliyewahi kuhudhuria matanga katika nchi hii anajua kwamba watani wana kazi yao kaburini, tena si ndogo.

Mtu angeweza kujibu kwamba mchekeshaji hakuandikwa kwa sababu hakuwapo. Mnamo Septemba 1993 serikali ilitangaza Molo, Burnt Forest na Londiani kuwa maeneo maalumu ya usalama, na watu wa nje, wakiwamo waandishi wa habari, wakazuiwa kuingia. Londiani ilikuwa wilayani Kericho. Mahali asipoingia mwandishi wa habari haingii gari la wasanii. Baada ya mwaka 2000 vituo vya redio vya lugha za kienyeji vikaongezeka, na kila nyumba katika kambi ikaweza kucheka kivyake, kwa lugha yake, mlango umefungwa. Hatuzilaumu lugha hizo, ambazo zilinyimwa sauti muda mrefu. Tunasema tu kwamba hadhira ya Kiswahili ya kambi, ile iliyomlazimu mchekeshaji kutunga mzaha ambao Mkisii na Mkipsigis wangeucheka wakiwa wamekaa benchi moja, ilipoteza sababu ya kukutana. Kisha mashine za kuchuma zilipunguza hata idadi ya watu wa kukutana.

Limebaki jambo la ukimya, ambalo wahakiki huliona kuwa kushindwa kwa sanaa. Gustavete wa Saura ni bubu muda wote wa filamu, na sauti inamrudia kwa kilio pale Carmela anapopigwa risasi. Abafumi nao, katika Amarykiti ya mwaka 1974, waliacha karibu maneno yote na kuigiza kwa mwili, wakati ambapo neno moja Uganda liliweza kumwua mtu. Wapo waliousoma mtindo huo kama ubunifu wa kimajaribio ulioazimwa Ulaya. Inawezekana Serumaga aliyajua majaribio hayo; alisoma Dublin na alikuwa mtu wa kusoma. Lakini kundi linalosafiri chini ya utawala kama ule lina sababu ya karibu zaidi ya kuacha maneno: askari wa mpakani hawezi kumtia mtu ndani kwa sababu ya mguu ulioinuliwa.

Mwezi Aprili 2025 wanafunzi wa shule ya Butere walisafiri hadi Nakuru, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Kericho, kushiriki tamasha la kitaifa la maigizo la shule. Mchezo wao, Echoes of War, ulioandikwa na aliyekuwa seneta Cleophas Malala, unahusu ufalme wa kubuni unaojaribu kupona baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ulikuwa umeondolewa mashindanoni, na Mahakama Kuu ikaagiza urudishwe. Mwandishi wao alikamatwa usiku wa kuamkia onyesho. Tarehe 10 waliingizwa ukumbini asubuhi, bila mwelekezi wao, bila vyombo vya sauti, bila watazamaji. Nje polisi walitumia mabomu ya machozi kuwatawanya watu waliokuja kuwaona. Wasichana walisimama jukwaani mbele ya viti vitupu, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza.